Tulichimba mtaro bila mwenyekiti hapa Mtwara, jamaa akatuita waanakisti (uzi mrefu, naomba uvumilivu)

Wakuu habari za jioni, wakubwa wangu shikamooni. Hii kitu nimekaa nayo kifuani muda, leo umeme upo na bando lipo ngoja niimwage yote.

Mimi mzaliwa wa Mtwara mjini na nakaa uswahilini. Mtaa siutaji, humu kuna majirani zangu na mengine nitakayosema yanawahusu. Ila kama unaujua mji wetu unajua ulivyokaa, kule Shangani barabara zimenyooka na upepo wa bahari unaingia hadi ndani, sisi huku kila mtu kajenga pale alipopata kiwanja, hamna ramani, gari haiingii, kifuku kikianza maji yanatafuta njia na njia yenyewe inapita sebuleni kwa mtu.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye kikao nikaeleza tunavyoendesha mambo kichochoroni kwetu. Jamaa mmoja msomi akadakia, hawa waanakisti, hawataki uongozi, watatuletea vurugu. Watu wakaguna, mimi nikakaa chini, mdomo ulikuwa mzito. Najibu hapa.

Anakisti sio mtu wa vurugu. Ni neno lililotoka kwenye Kigiriki, maana yake bila mtawala. Sio bila utaratibu, bila bwana. Watu wanakaa, wanaongea mpaka wanaelewana, kazi inapewa mtu kwa zamu na akizingua anavuliwa kesho yake. Kuna watu duniani wamekufa na wengine wamefungwa kwa kuamini hivyo na sio sawa kulitumia jina lao kama tusi.

Mimi hilo neno nimelisikia Bondeni, yaani Afrika Kusini. Niliondoka 2006, nikavuka Ruvuma kwa mtumbwi upande wa Kilambo, nikapita Msumbiji nzima mpaka Durban. Niliyekuwa nafanya naye kazi alikuwa anakaa Kennedy Road, mabanda ya mbao na mabati yaliyobanana pembeni ya dampo la jiji. Mwaka mmoja kabla sijafika, Machi 2005, wale watu waliahidiwa kipande cha ardhi wajengewe nyumba, siku moja wanaona matinga yanachimba, kuuliza wanaambiwa hapo amepewa mtu wa kufyatua tofali. Wakatoka mamia wakafunga barabara kubwa masaa kadhaa, kumi na wanne wakakamatwa. Humo ndo kikazaliwa Abahlali baseMjondolo, yaani wakaaji wa mabanda kwa Kizulu. Msemaji wao S'bu Zikode alikuwa anafanya kazi kituo cha mafuta.

Nilihudhuria mikutano yao mara kadhaa. Mtu wangu, usiku, mshumaa, watu wamekaa mpaka chini, na kila mtu anaongea mpaka amalize. Hamna posho. Hamna maji ya chupa mbele ya mgeni rasmi. Kikiwa kitu kikubwa hakiamuliwi palepale, watu wanarudi kwao kuongea na wenzao kwanza. Mimi mgeni wa Kitanzania nisiye na karatasi nilipewa nafasi ya kusema kama wao, na ile Mei 2008 wageni walipokuwa wanachomwa moto na kufukuzwa, Abahlali walitoka hadharani wakakataa. Wenyewe hawajiiti waanakisti, niwe mkweli. Ila pale nikakutana na vijana wanaojiita hivyo na nikaelewa kumbe kuna mawazo marefu nyuma ya hii kitu.

Na sio kuongea tu. Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba kule ilifuta kipengele cha sheria ya jimbo iliyokuwa inalazimisha watu kutolewa kwenye mabanda, na waliokwenda mahakamani ni hawa hawa. Wiki chache kabla ya hukumu walivamiwa usiku Kennedy Road, watu wakafa, wengine makwao yakabomolewa. Nisije nikawadanganya kwamba hii njia ni tamu.

Nimerudi nyumbani 2012. Inaendelea chini, ngoja nile.

*

Nimerudi. Sasa Mtwara.

Mwanzo wetu ni kimbunga Kenneth. Wote wa huku mnaikumbuka Aprili 25, 2019, tumeambiwa tuhame mabondeni twende sehemu salama, mji mzima unatetemeka. Mtaani kwetu hakuna aliyesubiri kuambiwa na kiongozi. Wenye bajaji walibeba wazee, dada zetu wa mama lishe walipika sufuria kubwa wakapeleka shuleni, vijana wakakaa kulinda nyumba zilizobaki wazi. Kimbunga kikaenda kupiga Msumbiji, sisi tukapona, na kesho yake kila mtu akarudi kwake kama hakuna kilichotokea. Ila mimi lile jambo lilinikaa. Nilikuwa nimeona mkutano wa Kennedy Road mchana kweupe kwetu, bila mshumaa.

Kifuku kilichofuata maji yakaingia nyumba kumi na nane. Vyoo vikafurika, mnajua wenyewe vyoo vya shimo vikifurika nini kinatembea uani na watoto wanacheza wapi. Mwenye wazo la mtaro alikuwa mama mmoja anayeuza vitumbua asubuhi. Alisema maneno machache sana: maji yanaanzia kule kwenye mkorosho mkubwa, yakipewa njia hayatakuja kwetu. Basi. Usiku ule ule mvua inanyesha tukatembea watu sita na tochi za simu kuangalia maji yenyewe yanapita wapi. Nawaambia hakuna mpima aliyewahi kutupa ramani nzuri kuliko ile.

Tukapita nyumba kwa nyumba. Vichochoro vitano, kila kichochoro kitoe watu wawili, mmoja mwanamke mmoja mwanaume, miezi mitatu wanatoka wanaingia wengine. Tukawaita washika zamu. Hela zinakaa kwenye sanduku la kufuli tatu kama la vikoba, funguo kwa watu watatu wasio ndugu, kila Jumapili daftari linasomwa kwa sauti mbele ya duka, shilingi kwa shilingi, hata ya msumari. Asiye na hela anachimba, asiyeweza kuchimba analeta chai au ming'oko ya kuchemsha. Na michango mikubwa tuliipanga msimu wa korosho, maana mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ndo hela inatembea huku kwetu, ukimdai mtu mwezi wa tatu unamuonea.

Jambo ambalo sikulitarajia ni wapangaji. Kwenye mikutano ya kawaida mpangaji anakaa nyuma kimya, anaonekana mpitaji. Ila maji yakiingia hayaulizi nani ana hati. Mwenye nyumba yuko Dar anasubiri kodi, mpangaji ndo analala juu ya meza na mtoto. Tukakubaliana anayelala hapa ana sauti hapa. Wenye nyumba wawili walinuna, mmoja akapiga simu kutoka Dar anatukana, eti tunawafundisha wapangaji kiburi. Yule mpangaji wake ndo alikuja kuwa mshika zamu bora kuliko wote, mimi nikiwemo.

Sasa niwape kisa cha mnazi. Mtaro ulitakiwa upite mstari mmoja mpaka bondeni, katikati kuna uwanja wa bibi mmoja na pale pana mnazi. Bibi akasema hapana. Vijana wakawa wakali, mnazi mmoja unazuia nyumba arobaini? Tungekuwa na kamati yenye mhuri ungekatwa siku hiyo hiyo. Sisi hatukuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu, na hapo ndo unajua kama unachosema unakiamini. Tulikwenda kwake mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne akina mama walikwenda peke yao wakakaa naye mkekani wanachambua mchicha, ndo akasema. Chini ya ule mnazi pamezikwa kitovu cha mwanae wa kwanza, na huyo mwanae alikwenda baharini hajarudi mpaka leo.

Wakuu, yule kijana aliyekuwa mkali kuliko wote alirudi pale kichwa chini akamuomba radhi.

Mtaro ukapinda. Ile kona imekula mifuko minne ya saruji zaidi na takataka zinanasa pale kila wiki, ni kero mpaka kesho. Ila umepita.

*

Mkorosho Mmoja aliandika:
Kiongozi hongera ila mimi sikubaliani. Kodi tunalipa, VAT tunakatwa kwenye kila kitu, kazi ya mtaro ni ya serikali. Nyie mkichimba wenyewe mnawapa watu usingizi ofisini. Kesho watawaambia mchimbe na barabara.

Mkuu hili swali ni la msingi na lilitugawa hata sisi, kuna mzee aliacha kuja kwa sababu hiyo na nilimuheshimu.

Nikupe mfano wa Karachi, Pakistani. Kuna eneo kubwa linaitwa Orangi, watu walijijengea bila ramani kama sisi. Mwaka 1980 mzee mmoja Akhtar Hameed Khan alikwenda kukaa nao kuwasikiliza, shida yao namba moja ikaonekana ni maji machafu. Wakajipanga uchochoro kwa uchochoro, nyumba ishirini hadi arobaini, kila uchochoro unachangishana wenyewe na kulaza mabomba wenyewe, gharama ikawa ndogo mno maana hamna mkandarasi wala cha juu. Lakini sikiliza hapa. Hawakusema tutafanya yote. Walisema ya ndani, choo na bomba la kichochoro, ni yetu. La nje, mfereji mkubwa unaopokea uchafu wa vichochoro vyote, hilo la serikali. Na serikali ilibanwa kweli kwa sababu mabomba ya watu yalikuwa yameshafika mlangoni.

Na sisi ndo tulivyofanya. Mtaro wetu uliishia barabarani, pale linahitajika karavati na karavati hatuwezi kuvunja barabara kuliweka. Tukaenda ofisini watu hamsini na kitu. Afisa akatoka akauliza kiongozi wenu nani aingie. Tukamwambia hamna, tunaomba utoke wewe tuongee hapa nje. Ilichukua nusu saa ya kubishana juu ya hilo tu! Nikasikia mpaka baadae wakasema tumekosa adabu. Lakini akitaka kumuita mtu mmoja pembeni amuite nani? Tumekwenda mara tatu, karavati limewekwa. Kwa hiyo mkuu hatujawapa usingizi, tumewaamsha tukiwa na chepe mkononi.

*

Binti wa Mikindani aliandika:
Kaka samahani, naomba kuuliza, hizo zamu mwanamke na mwanaume mbona huku kwetu tukifanya hivyo wanawake wanachimba na kubeba maji, wanaume wanasimama na kuongea na waandishi?

Dada yangu umegonga penyewe. Hata kwetu. Miezi sita ya kwanza ukisoma daftari utaona majina ya waliochimba mengi ni akina mama, na ukisikiliza mkutano sauti nyingi ni zetu sisi wanaume. Aliyeligundua ni yule yule mama wa vitumbua, alihesabu kabisa, akasimama akasoma majina. Tangu hapo anayechimba ndo anaanza kuongea. Imesaidia, haijaisha.

Ukipata muda soma habari za Villa El Salvador kule Lima, Peru. Mji wa jangwani ulioanza 1971 na watu waliovamia ardhi, wakajipanga familia ishirini na nne ishirini na nne kila bloku inachagua wake. Uti wa mgongo ulikuwa majiko ya pamoja ya akina mama. Mmoja wa viongozi wa shirikisho lao María Elena Moyano aliuawa Februari 1992 na waasi wenye silaha waliojiita wakombozi wa maskini, kwa sababu akina mama wenye majiko yao hawakuwa na haja ya kutawaliwa na bunduki ya mtu. Huwa nikimfikiria huyu mama nanyamaza kidogo.

*

Mwana wa Matumbi aliandika:
Mtoa mada unatafuta mbali, Durban, Pakistani. Babu zetu waling'oa pamba Nandete mwaka 1905 na hawakuwa na sultani wala mfalme. Mjerumani alimnyonga Kinjikitile lakini vita vya Majimaji havikuisha, ndo maana akachoma vyakula vya watu wote.

Mkuu asante sana, na mimi ningeanzia hapo. Watu wa kusini wengi hatukuwa na wafalme, Wamatumbi, Wangindo, Wamakonde na ukoo na wakulungwa wao, mambo yanaongelewa chini ya mti yanaisha. Halafu mtu anakuja kutuambia kujiendesha ni kitu cha Wazungu.

Naongeza na la jirani zetu Songea. Miaka ya sitini mwanzoni vijana wachache walianzisha kijiji Litowa, wanalima pamoja, wanaamua pamoja, wanagawana, shule yao wenyewe, vijiji vingine vikaiga mpaka wakawa na umoja wao, Ruvuma Development Association. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwaunga mkono na ujamaa vijijini ulichota mengi kwao. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaupiga marufuku. Kosa lao ni kwamba walikuwa wanafanya ujamaa bila kuamrishwa. Miaka minne baadae, Novemba 1973, ikatangazwa kuishi vijijini ni amri na watu wakahamishwa kwa malori. 1972 halmashauri zilifutwa, 1976 vyama vya ushirika vikafutwa, vikarudishwa miaka ya themanini baada ya mambo kuharibika. Mimi Mwalimu nampenda, marehemu baba yangu alikuwa na picha yake ukutani. Ila Litowa inaniuma.

*

Sasa kilichotuangusha, maana kuna mtu kaniuliza pembeni kama kweli mambo yote yalikwenda sawa. Hapana. Na hapa ndo sababu kubwa ya mimi kuandika uzi huu.

Tulivyofanikiwa tukajulikana. Mwishoni mwa 2021 ukaja mradi, jina silitaji. Watu wazuri, wapole, wana nia njema kabisa. Wakasema hongereni, tunataka kuwajengea uwezo, ila tunahitaji kamati, mwenyekiti, katibu, mhazini, wajumbe saba, majina yasibadilike mpaka mradi uishe maana fomu zinataka hivyo. Na kila kikao posho elfu ishirini.

Ndugu zangu elfu ishirini kwa mtu anayeuza vitumbua ni nyingi. Simlaumu aliyepokea, na mimi nilipokea, nilikuwa mmoja wa wale kumi. Vikao vikawa vingi, kuchimba kukawa kuchache. Jumamosi ya kwanza walikuja watu thelathini, ya tatu kumi na mmoja, halafu siku moja nagonga mlango kwa jirani nimpe chepe ananiangalia ananiambia taratibu tu, "si waende wanaolipwa." Hakuwa na hasira. Ndo iliyoniumiza.

Mradi ukaisha, picha zikapigwa, mabango yakang'olewa. Kifuku kilichofuata mtaro umejaa mchanga hadi juu na maji yakarudi nyumba zile zile, ya bibi wa mnazi ikiwa ya kwanza. Umaskini haukutuua, tulikuwa maskini tangu mwanzo. Vitisho havikutuua. Kiti cha kudumu na posho ndo vilitumaliza, kwa mwaka mmoja. Kuna watu humu watasema basi msipokee msaada kabisa, mimi sijafika huko, tumepokea saruji na toroli mbili baada ya hapo na tunashukuru. Kitu kinachochimba au kinachobeba tunapokea. Hela ya kukaa kwenye kiti hatupokei, na anayetaka majina yasiyobadilika tunamwambia kwetu majina yanabadilika.

Kuanza upya 2023 kulikuwa kugumu kuliko mwanzo. Wale kumi tulisimama mbele ya duka Jumapili, mmoja mmoja tukasema tulipokea kiasi gani jumla. Kila mtu. Mimi miguu ilikuwa inatetemeka. Mama wa vitumbua akauliza kama kuna mwenye neno, watu kimya, halafu yule jirani aliyekataa chepe langu akasema tuanzie kule kwenye karavati kumejaa zaidi.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyopiga na barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika, malori yamekwama, sisi maji hayakuingia ndani hata nyumba moja. Kona ya mnazi ilifurika kidogo, watu wakatoka na viroba vya mchanga usiku huo huo bila kuitwa.

*

Fundi wa Mitwero aliandika:
Niko Lindi hapa, shida yetu ni maji ya kunywa sio mafuriko, kioski kimekufa na kila mtu anamsubiri mwenzie. Tuanzie wapi mkuu, tuitishe mkutano?

Fundi usiitishe mkutano. Ukiitisha watu watauliza nani kaitisha na ana chama gani, na mwaka wowote karibu na uchaguzi umekwisha. Nenda kioski asubuhi pale foleni ilipo, au kama kimekufa kabisa nenda kwenye kisima wanakochota sasa hivi, kaa na akina mama wawili watatu usikilize, wao wanajua bomba lilikatika wapi, nani anadaiwa bili, nani aliondoka na mita. Halafu fanyeni kitu kimoja kidogo kinachoonekana wiki hiyo hiyo, hata kusafisha pale chini tu watu wasikanyage tope. Daftari lianze siku hiyo, hata kama mmechanga elfu tatu. Zamu ianze siku hiyo pia, usisubiri mpaka mtu azoee kiti ndo umwambie atoke, hapo mtagombana mpaka misibani hamzikani. Wapangaji wahesabuni. Na bili ya zamani ya kioski msiibebe nyie kabla hamjakwenda wengi pamoja kuuliza imetoka wapi.

Kama unaweza njoo Mtwara uone, nauli ya Lindi sio kubwa. Jumamosi hii zamu ni ya kichochoro cha msikitini, tunaanza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza, tunazibua ile kona. Nitumie ujumbe nikuelekeze. Chepe zipo ila buti za mvua uje na zako.